Nani Kasema?

Mwanafunzi huyo alilelewa na fasihi. Ndiposa alipotumwa, katika zoezi lake la kwanza la uanahabari, kuripoti moto uliozuka usiku katika soko moja jijini Nairobi, aliifungua taarifa yake kwa methali: ajali haina kinga. Zikafuata aya mbili za moshi na vilio. Waliofariki, watu 5, walitajwa katika aya ya nne.

Mhadhiri wake hakuikejeli lugha hiyo. Alimkumbusha maswali sita: nani, nini, lini, wapi, kwa nini na vipi. Akamchorea piramidi iliyopinduliwa: lililo zito hutangulia, kwani mhariri akikosa nafasi huikata habari kuanzia chini. Kisha akaizungushia duara ile idadi.

"Nani kasema?"

"Watu waliokuwa kituoni mwa matatu."

"Mama ambaye mwanawe hulala sokoni akiisoma, utamwambia uliiokota huko?"

Kesho yake mwanafunzi alikwenda katika kituo cha polisi, kisha hospitalini. Waliofariki walikuwa 2. Wale 3 wengine walikuwa wodini, wakiuguza majeraha.

Taarifa ya pili ilianza na vifo hivyo, mahali na wakati, na kila dai likatajiwa aliyelitoa. Methali haikuwamo. Mwanafunzi alikuwa ametambua mpaka ulipo: msimulizi ana ruhusa ya kumwua mhusika wake, lakini mwanahabari hana ruhusa ya kumwua aliye hai.