Mrithi wa kiti cha mfalme, na sup yangu

Najua nimepotea wiki mbili nzima. Mwenzenu niko hosteli peke yangu. Wenzangu wote wako makwao wanakula ubwabwa wa mama, mimi nasubiri sup. Ndiyo, sup. Nimeshaisema, basi.

Somo lenyewe ni Upimaji na Tathmini, yaani somo la kujifunza namna ya kupima wanafunzi. Chekeni tu, mimi nilishacheka nikamaliza.

Badala ya kukomaa na madesa, juzi nikaokota kitabu cha mtumba pale Posta kwa buku tatu. Kinaitwa Heir Apparent, mwandishi ni Mmarekani Vivian Vande Velde, kilitoka mwaka 2002. Ni hadithi ya watoto, ila nilikimaliza usiku ule ule.

Stori iko hivi. Giannine anatimiza miaka 14, baba yake anampa vocha akacheze gemu la uhalisia pepe. Siyo gemu la kubonyeza bonyeza kama kwenye simu. Hapa mwili unabaki umelala kwenye mashine, akili ndiyo inayoingia mchezoni. Humo ndani yeye ni mchunga kondoo anayeambiwa ghafla kwamba ni binti wa siri wa mfalme, mfalme kafariki, na kiti kaachiwa yeye. Kazi yake ni kubaki hai mpaka avikwe taji. Kwenye kasri kuna malkia na wana watatu wa mfalme ambao hawataki hata kumwona. Akiuawa, anarudi mwanzo kabisa, kwa kondoo wake.

Sasa balaa. Huko nje, watu wanaopinga watoto kuchezeshwa michezo ya namna hiyo wanavamia kituo na kuharibu mitambo. Kumchomoa kwa nguvu ni hatari, na kukaa humo muda mrefu nako kunaweza kumuua kweli. Njia ya kutoka ni moja tu: ashinde.

Na anavyokufa jamani! Anakufa, anarudi, anakufa tena. Kuna kijana aliyekamatwa kwa ujangili, analetwa kwake atoe hukumu. Akirudi mwanzo, anakuja kumkuta tena yule yule, naye anajaribu jibu jingine. Askari hawamkumbuki, malkia hamkumbuki. Anachobeba ni kimoja tu, kujua alikosea wapi.

Hapo nikafunga kitabu, nikamkumbuka mtoto mmoja wa BTP mwaka jana. Kidato cha pili, jaribio la hesabu alipata 12 kwa 100. Alinifuata mpaka ofisini, "Mwalimu, naomba nirudie." Nikamwambia jaribio ni jaribio, akajipange. Sikumwonyesha hata alikosea wapi. Nilikuwa nimeshapiga mikasi kwa wino mwekundu, nimejaza alama kwenye daftari, nataka kwenda kunywa chai. Mkufunzi aliyekuja kunikagua alinisifu, eti natunza kumbukumbu vizuri.

Sasa ni zamu yangu kurudia. Tofauti na Giannine, mimi mfumo unanikumbuka vizuri sana: hata nikipata zote, itaandikwa C. Lakini nafasi nimepewa. Yule mtoto nilimnyima, na sababu haikuwa sheria ya shule, ni uvivu wangu tu.

Jana jioni nikaitoa karatasi yangu ya test, ile niliyoisukumia chini ya kitanda, nikaanza kupitia swali moja moja. Swali la tatu lilikuwa linauliza jaribio linamsaidiaje mwanafunzi baada ya kusahihishwa. Nilipata 2 kwa 10.

Mama bado sijamwambia. Nitampigia Jumapili akitoka kanisani, akiwa na moyo laini. Niombeeni wadau. Tukutane nikitoka kwenye chumba cha mtihani.