Resori 16 na safari ya usiku

Wengi mmeniuliza sababu gani nilipotea hapa Mulungwishi majuma matatu, nanyi familia zilizokimbia mnangoja habari. Motere ya gari yangu ilikuwa imefunguliwa. Ni Toyota ya zamani, supape 16, inayonipeleka Likasi na Fungurume kwenye barabara ya taifa namba 1.

Fundi alinionyesha resori za supape. Kazi yake ni kurudisha supape ifunge. Ikichoka, supape inachelewa wakati motere inazunguka sana, na nguvu inapotea.

Nikasema, "Papa, tuweke zile ngumu za magari ya mashindano."

Akacheka. "Mwanangu, unashindana na nani? Ngumu kupita kiasi inakula shafti inayoisukuma."

Akapanga resori mpya na ya zamani mstari mmoja ndani ya eto, akakaza polepole. Iliyojikunja zaidi ndiyo iliyochoka. Kisha akazisimamisha zote juu ya kioo, atafute fupi na zilizoinama. Mbovu zilikuwa 5, na pesa yangu ilitosha 5 tu. Akakataa.

"Hizi 11 zina umri ule ule. Kesho utafungua tena, ununue na jwenti ya kulasi. Zote, ama ungoje."

Nilikasirika, lakini nikangoja. Jumamosi usiku mama mmoja wa wakimbizi aliniita, mtoto ana homa kali. Tulipanda kilima cha kwenda Likasi bila motere kukohoa. Mtoto amerudi, anacheza. Pesa ikiwa nusu, ndugu, ngoja itimie.