Hedi Huchongwa na Mafuta

Katika kazi ya injini kuna hesabu moja inayomvuta kila anayependa nguvu. Chukua injini ya silinda nne yenye sentimita za ujazo 1,600. Kila pistoni husukuma sentimita za ujazo 400, na ikifika juu kabisa ikabakiza nafasi ya 50, uwiano wa mgandamizo ni 9 kwa 1. Ukitaka 10 kwa 1, nafasi hiyo ipungue hadi 44 na kidogo. Kama mdomo wa chumba cha mwako una sentimita za mraba 40, kinachotakiwa ni kuipeleka silinda hedi kwenye mashine na kuukwangua uso wake milimita 1.4 hivi. Kazi ni ya siku moja, bila kununua pistoni mpya. Ninapoikumbuka safari ya kazi hii kwa zaidi ya miaka mia moja, naona kwamba swali lililotangulia mezani lilikuwa, “Tuchonge kiasi gani?” Swali lililoamua mambo lilikuwa jingine: “Petroli itavumilia?” Hoja yangu ni kwamba kina cha kuchonga hedi kimepimwa na mafuta tangu mwanzo, na mashine imekuwa ikitekeleza tu.

Ushahidi wa kwanza ni Ford Model T. Ilipotoka mwaka 1908 mgandamizo wake ulikuwa karibu 4.5 kwa 1, lakini kufikia 1917 ulikuwa umeshushwa hadi chini kidogo ya 4 kwa 1. Kiwanda kilichomwaga magari kwa maelfu hakikushindwa kukwangua chuma. Tatizo lilikuwa petroli ya siku zile, iliyozidi kuwa duni kadiri magari yalivyoongezeka. Mhandisi Mwingereza Harry Ricardo alisaidia kueleza kinachotokea. Plagi ikishawasha moto, ile sehemu ya mwisho ya mchanganyiko wa hewa na petroli ambayo haijafikiwa hubanwa na kupashwa joto hadi kulipuka yenyewe, na hapo ndipo injini inapogonga. Kila unyoya wa chuma unaotolewa kwenye hedi huongeza kubanwa huko na joto lake. Kwa hiyo fundi anayechonga hedi anachezea hali ya mafuta, ingawa mikono yake imeshika chuma.

Ushahidi wa pili ulikuja na risasi. Desemba 1921, Thomas Midgley na wenzake katika maabara ya General Motors huko Dayton, Ohio, waligundua kwamba kiasi kidogo cha kemikali yenye risasi huzuia kugonga, na Februari 1923 petroli yenye kemikali hiyo ikaanza kuuzwa mjini humo. Tangu hapo mgandamizo ukapanda mwongo baada ya mwongo, hadi injini kadhaa za Marekani za miaka ya 1960 zikavuka 10 kwa 1. Atatokea wa kusema kwamba vijana wa California hawakusubiri wanakemia. Walichonga hedi za Ford V8 ya 1932, iliyotoka kiwandani na 5.5 kwa 1, wakakimbia kwenye maziwa makavu kama Muroc na kuvunja rekodi. Ni kweli, na ujuzi wao unastahili heshima. Lakini mbio za maziwa yale zilikuwa fupi, na baadhi yao walimimina alkoholi tangini kwa sababu inapoza mchanganyiko na kuvumilia kubanwa. Isitoshe, kwenye injini ile valvu zilikaa ubavuni mwa silinda, na hewa ilipita chini ya hedi kuifikia pistoni. Aliyezidisha kuchonga aliiziba njia hiyo, akapata mgandamizo na kupoteza pumzi.

Risasi nayo ilikuwa sumu. Mwaka 1924 wafanyakazi waliotengeneza kemikali hiyo New Jersey walikufa, na bado dunia iliichoma kwa miongo kadhaa, ikiwadhuru zaidi watoto. Mwaka 1971 General Motors ilishusha mgandamizo wa injini zake ili zikubali petroli yenye risasi kidogo au isiyo nayo kabisa. Mashine za kuchonga zilikuwa bora kuliko zamani, chuma kilikuwa kilekile, lakini namba zikateremka kwa kuwa mafuta yalibadilika. Kwetu, kufuatia Azimio la Dakar la 2001, nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana na petroli yenye risasi kufikia mwanzoni mwa 2006. Ninaona huo ni ushindi mkubwa kuliko nguvu yoyote ya injini iliyopotea. Na nguvu yenyewe hupungua thamani kadiri unavyopanda: kwa hesabu ya nadharia, kutoka 4 hadi 8 ufanisi huongezeka kwa takriban theluthi, ilhali kutoka 9 hadi 10 faida ni karibu asilimia 3 tu.

Pingamizi zito zaidi ni la leo. Mazda iliingiza sokoni injini ya Skyactiv-G yenye 14 kwa 1 inayotumia petroli ya kawaida ya pampu. Je, mafuta bado ndiyo mwamuzi? Naam, bado. Injini ile hunyunyizia petroli moja kwa moja ndani ya silinda ili kupoza hewa, na mabomba yake ya ekzozi ni marefu ili gesi moto zisirudi. Wahandisi walitafuta kwanza namna ya kuyatuliza mafuta, ndipo wakapunguza nafasi. Anayechukua namba hiyo na kuidai kwa hedi ya injini ya kabureta amechukua jibu akaacha swali lake.

Siku hizi hedi nyingi zinazopelekwa mashineni ni zile zilizopinda baada ya injini kuchemsha, na fundi anataka uso ulionyooka tu. Hata hivyo mgandamizo hupanda apende asipende, valvu husogea karibu na pistoni, na kamshafti ikiwa juu, timingi huchelewa kidogo. Ndiyo maana kuna kikomo cha mtengenezaji na kuna gasketi nene zaidi ya kurudisha nafasi iliyopotea. Chuma kilichokwanguliwa hakirudi, lakini petroli hubadilika kutoka kituo hadi kituo. Kabla ya hedi kufungwa mashineni, mwenye gari aulizwe hujaza mafuta gani na wapi, kwa kuwa jibu lake ndilo litakaloamua kama injini itavuta au itagonga.