Mbwa wa Jirani na Mbwa Wangu

Kwa muda wa miaka miwili nilimwogopa mbwa wa jirani yangu hapa Arua, wala sikumwogopa hata siku moja mbwa wangu mwenyewe. Mbwa wa jirani ni wa mbegu ya Kijerumani, kama wale wanaotumiwa na polisi: mrefu, masikio wima, na sauti ya kutisha. Wangu alikuwa wa kienyeji, mdogo, mwekundu, niliyepewa bure na rafiki. Kila jioni niliwaonya watoto wasikaribie ua wa jirani. Wangu nilimfunga kwa mnyororo chini ya mwembe, mchana na usiku, nikaridhika kwamba nyumba ina mlinzi.

Jioni moja ya mwaka 2023, binti yangu mwenye umri wa miaka sita alitumwa na mama yake kumpelekea mbwa makombo ya ugali. Mbwa alipoanza kula, mtoto akaona kijiko kimebaki ndani ya bakuli, akainama kukichukua. Kufumba na kufumbua meno yalikuwa yamezama kiganjani mwake.

Mama yangu mzazi, aliyekuwa amekuja kututembelea, akaagiza pilipili isagwe ipakwe jerahani. Nami, mwenye cheti cha ualimu, nilisimama nimeduwaa. Aliyetuokoa ni yule jirani. Alisikia kilio akaingia mbio. "Mama, utuwie radhi," alimwambia mama yangu kwa adabu, kisha akanigeukia: "Mwalimu, maji na sabuni kwanza." Tukaosha jeraha kwa maji mengi na sabuni ya kipande kwa dakika 15, yeye akitazama saa, mtoto akilia mapajani mwangu.

Kituoni tabibu aliniuliza swali moja tu: "Mbwa huyo amechanjwa?"

Wasomaji wapendwa, hapo ndipo nilipoona aibu ambayo sijaisahau. Miezi michache nyuma, ofisini kwangu, mimi ndiye niliyeandika tangazo la chanjo ya mbwa na kulibandika kwenye mbao za matangazo mtaani. Jirani alilisoma akampeleka mbwa wake. Mimi wangu sikumpeleka, kwa kuwa nilimwona ni kijibwa cha nyumbani tu. Jirani alikuwa amesimama kando yangu, na neno "ndiyo" lilikuwa limekwisha nifika ulimini. Nikamtazama mtoto. Nikasema, "Hapana, hakuchanjwa."

Siku ile ile alianzishiwa sindano, akazimaliza zote kwa tarehe alizopangiwa. Kama ningalidanganya kwa kuilinda heshima yangu, pengine zingalicheleweshwa. Kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili, mgonjwa hufa karibu kila mara. Mbwa alitengwa na kuangaliwa kwa siku 10, akabaki mzima.

Tangu hapo nimejitahidi kusoma habari za mbwa, nipate kujua kosa langu lilianzia wapi. Ni kweli mbegu hazilingani. Huko Marekani, wataalamu walichunguza vifo vilivyotokana na mbwa tangu mwaka 1979 hadi 1998. Katika vifo 238 ambavyo mbegu ya mbwa ilijulikana, zaidi ya nusu vilihusu mbwa wa aina ya pit bull na Rottweiler. Mbwa mwenye mwili mkubwa na taya zenye nguvu akiuma, jeraha huwa kubwa. Lakini uchunguzi huo huo ulikuta mbegu zisizopungua 25 zilizowahi kuua mtu. Uingereza ilipiga marufuku aina nne kwa sheria ya mwaka 1991, ikaongeza ya tano, XL Bully, mwishoni mwa mwaka 2023. Uholanzi nayo ilipiga marufuku pit bull mwaka 1993, kisha ikaiondoa amri hiyo mwaka 2008, kwani watu hawakupungua kuumwa.

Mwaka 2022 wataalamu walitangaza matokeo ya utafiti juu ya mbwa zaidi ya 18,000. Walikuta kwamba mbegu hueleza takriban asilimia 9 tu ya tofauti za tabia baina ya mbwa mmoja na mwingine. Yaliyobaki hutokana na mambo mengine, yakiwemo malezi na maisha anayoishi. Mbwa wa jirani alizoezwa tangu utotoni, hutembezwa, hulishwa kwa saa maalumu. Wangu alifungwa kutwa kucha, hakuzoea mkono wa mtu, na chakula kilimfikia kwa kubahatisha. Wa kulaumiwa hapo ni mimi.

Tena, hapa kwetu liko jambo ambalo mbegu hailibadilishi hata kidogo. Shirika la Afya Duniani linasema karibu asilimia 99 ya watu wanaoambukizwa kichaa cha mbwa huambukizwa na mbwa, na takriban watu 59,000 hufa duniani kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia. Ugonjwa huo huingia kwa jino la kijibwa sawasawa na kwa jino la jibwa. Wahenga hawakukosea waliposema kikulacho ki nguoni mwako.

Kwa hiyo wazazi wenzangu, tuwafundishe watoto wasimguse mbwa anayekula, anayelala, au anayenyonyesha, hata awe wa nyumbani. Wakifuatwa na mbwa wasikimbie. Wasimame kimya, mikono ikiwa ubavuni. Mtoto mdogo asiachwe peke yake na mbwa yeyote. Akiumwa, tuoshe kwa sabuni na maji dakika 15, twende kituoni bila kukawia, na tukiulizwa juu ya chanjo tuseme kweli.

Mbwa wangu sasa ana ua wa kuzungukia, na mnyororo nimeutupa. Tangazo la chanjo lilipotoka tena, niliwahi foleni alfajiri. Jirani alinikuta pale akacheka, "Leo Mwalimu umenitangulia!" Binti yangu ndiye aliyeshika kadi ya chanjo, kwa mkono ule ule wenye kovu.