Kalamu Nyekundu na Magwangala

Mwaka 2011, Geita ikiwa bado wilaya ya Mkoa wa Mwanza, nilifundisha Kiswahili kidato cha nne katika shule moja ya kata. Tulikuwa tunasoma Watoto wa Mama Ntilie, riwaya ya Emmanuel Mbogo. Nikawapa swali: umaskini ndio unaoharibu maadili ya mtu, jadili.

Binti mmoja alianza vizuri na Peter na Zita, wanaofukuzwa shule kwa kukosa ada na sare. Halafu akakiacha kitabu, akahamia kwenye magwangala, yale mawe ya mabaki ya mgodini ambayo watu huyafuata hata usiku, wakayaponde na kuyaosha wapate punje ya dhahabu. Aliuliza: jiwe likishatupwa, anayeliokota ili watoto wale anaitwaje mwizi?

Nilimpa 6 kati ya 15. Pembeni nikaandika kwa wino mwekundu, "Umetoka nje ya swali." Mwongozo wangu wa kusahihishia ulitaka hoja, mfano wa kitabuni, maelezo, basi.

Jumatatu iliyofuata majina ya wanaodaiwa ada yalisomwa mstarini. Shilingi 20,000 za mwaka mzima. La kwake lilikuwemo, akarudishwa nyumbani. Wiki nzima nilikuwa nimewafundisha habari za Zita, na Zita alikuwa amekaa dawati la mbele.

Alirudi baada ya majuma matatu. Nikamwomba lile daftari.

"Mwalimu, si umeshasahihisha?"

"Nilisahihisha vibaya, mwanangu."

Nikampa 11. Sikumpa 15, kwa sababu alikuwa amemwacha Peter njiani. Hakuonyesha umaskini unaishia wapi na uamuzi wa Peter mwenyewe unaanzia wapi. Hapo ndipo penye fasihi, na tangu siku ile ndipo ninapopatafuta kwanza.

Ada ilipofutwa mwaka 2016 nilikuwa nimeshahamia Kahama. Nilifurahi kwa moyo wote. Ila insha nazo zikabadilika. Watoto ambao hawajawahi kusomewa majina mstarini humhukumu Peter upesi: mtovu wa nidhamu. Hoja wanazo, mifano wanayo, na alama wanapata. Mimi huongeza swali pembeni, siku hizi kwa penseli: "Asubuhi ile ya kufukuzwa, ungekuwa wewe ungeelekea wapi?"

Wengi hulipita. Muhula uliopita mvulana mmoja alinirudishia daftari akiwa amejibu chini yake kwa neno moja, lile la wachimbaji kwa shimo la dhahabu: duarani.