Mjomba ataka bunduki isiyo na baruti

Ukitaja bunduki ya upepo mbele ya watu, wengi hutabasamu. Humfikiria mtoto wa tajiri aliyenunuliwa kibunduki cha kutungulia njiwa, au kijana anayelenga mkebe nyuma ya nyumba siku ya Jumapili. Kitu kisichokuwa na baruti, watu husema, kitaua nini?

Kitaua ngiri, msomaji. Kitaua mnyama mkubwa kumliko ngiri, na mtu pia kitamuua. Nayajua haya kwa sababu silaha ya aina hiyo imezua mjadala katika ukoo wetu, na kwa kuwa mimi ndiye ninayeitwa "mtu wa magazeti", ni mimi niliyetumwa kuulizia habari zake.

Kaka yangu anaishi Texas, Marekani. Huko amejinunulia bunduki ya upepo ambayo tundu la mtutu wake lina upana wa inchi 0.45, yaani milimita 11 na ushei. Zile za watoto aghalabu huwa na inchi 0.177 au 0.22, na risasi yake ni kidude kidogo kama punje ya mtama. Risasi ya kaka ni donge la madini ya risasi ukubwa wa ncha ya kidole cha mwisho. Mjomba wetu wa Ikutha, kusini mwa Kitui, alipoonyeshwa picha zake kwenye simu, alinyamaza kwa muda, kisha akauliza swali moja tu: "Na hii inapiga kelele?"

Nilipomtembelea kaka mwaka 2019 niliishika kwa mikono yangu. Ni nzito kama mtoto mchanga aliyenenepa. Chini ya mtutu kuna mtungi wa hewa iliyoshindiliwa hadi kufikia takriban mara mia moja ya hewa iliyo katika gurudumu la gari dogo. Pampu ya mkono ya kuujaza ipo, lakini ukiitumia jasho litakutoka hadi kwenye visigino. Kaka hutumia mtungi mkubwa kama ule wa wapiga mbizi. Ukivuta kifyatulio, vali hufunguka kwa kufumba na kufumbua, hewa hutoka kwa kishindo na kuisukuma risasi. Hakuna moshi wala harufu. Bega langu halikuumia hata kidogo. Mlio wake ulikuwa kama wa mtu aliyefunga mlango wa gari kwa hasira. Nililenga tikitimaji lililowekwa umbali wa mita hamsini. Upande wa mbele lilikuwa na tundu. Upande wa nyuma halikuwa na kitu.

Baada ya risasi tatu hewa ilipungua, na ya nne ikaangukia chini ya shabaha. Huo ndio udhaifu wake mkubwa. Anayeitumia anapaswa kumkaribia mnyama, kutulia, kupiga mara moja na kupiga vizuri. Hakuna nafasi ya kumiminia risasi ovyo.

Ili nisije nikashukiwa kwamba nimeongeza chumvi, nitatoa hesabu. Nchini Uingereza, bunduki ya upepo inayozidi nguvu ya jouli 16 haimilikiwi bila cheti kama cha bunduki nyingine. Hizi kubwa za inchi 0.45 na 0.50 hupita jouli 500 bila shida, na hizo ndizo nguvu za bastola ya kawaida ya milimita 9. Tangu mwaka 2018 jimbo la Texas limewaruhusu wawindaji kuwapiga kulungu kwa bunduki ya upepo, mradi tundu lake lisipungue inchi 0.30. Wala si uvumbuzi wa juzi. Jeshi la Austria lilikuwa na bunduki za aina hii tangu miaka ya 1780, zilizobuniwa na Bartolomeo Girandoni. Zilipiga risasi zipatazo ishirini bila kujazwa upya, na mtungi wake ulihitaji kusukumwa pampu kiasi cha mara 1,500. Wapelelezi Lewis na Clark walibeba bunduki ya upepo walipovuka bara la Amerika kati ya 1803 na 1806, wakawa wanaipiga mbele ya wenyeji ili kuwastaajabisha.

Sasa turudi Ikutha. Mjomba ana ekari sita za pojo, kunde, mtama, na mahindi ambayo hupandwa kwa kubahatisha. Kwa upande mmoja ni majirani, kwa upande mwingine ni vichaka vinavyoelekea Mto Athi na mbuga ya Tsavo. Kanga hufukua mbegu kabla hazijaota. Zikiota, digidigi huja alfajiri. Pojo zikitoa maganda, tumbili na nyani huingia mchana kweupe, na nyani akimwona mwanamke peke yake shambani hana haraka ya kuondoka. Usiku, katika misimu mibaya, ndovu hupita. Mjomba ana umri wa miaka sabini na hulala kwenye kibanda cha nyasi akigonga debe.

Mwanamume huyu si mgeni wa kuwinda. Baba yake, ambaye ni babu yetu, alikuwa fundi wa upinde, na mjomba alifundishwa angali mvulana katika miaka ya sitini. Nimekaa naye jioni nyingi akinisimulia. Sumu ya mishale ilitokana na mti wa msunguti, ambao kwetu huitwa kivai. Vipande vya mti na magamba yake vilichemshwa kwa saa nyingi hadi vikatoa kitu kizito cheusi kama lami. Kilipakwa nyuma ya ncha ya mshale na kufungwa kwa ngozi nyembamba, ili kisikauke na mwenyewe asijichome. Sumu hiyo husimamisha moyo. Wataalamu huiita wabaini, na ajabu ni kwamba yupo panya mkubwa mwenye manyoya marefu, anayepatikana hapa Afrika Mashariki, ambaye hutafuna magamba ya mti huo na kujipaka mate hayo ubavuni ili mbwa anayemng'ata ajute. Wakamba hawakuwa peke yao katika ujuzi huo.

Upinde nao haukuwa na kelele. Mtu angeweza kumwangusha mnyama na jirani aliye ng'ambo ya kijito asijue. Kwa sababu hiyo, asema mjomba, kila mshale ulichongwa alama ya mwenyewe au ya ukoo wake. Mnyama akikutwa amekufa na mshale ubavuni, ilijulikana nyama ni ya nani. Mbuzi wa watu akikutwa vivyo hivyo, ilijulikana pia nani atalipa.

Mambo haya yalikuja kuitwa ujangili, na hapo ndipo kaka yangu huanza kupandwa na hasira. Humlaumu mtu ambaye hajui habari za Makueni, lakini mwenye kuzijua atamwelewa. Kati ya 1944 na 1946, mwindaji aliyeajiriwa na serikali ya kikoloni, J.A. Hunter, aliua karibu vifaru 1,000 katika nyika ya Makueni. Nia ilikuwa kusafisha mahali pa kuwahamishia Wakamba waliobanwa katika vilima vya Machakos, ambako udongo ulikuwa umemomonyoka. Vifaru elfu, kwa bunduki kubwa na kwa mshahara. Mwaka 1948 mbuga ya Tsavo ikatengwa, na ilipofika 1956 na 1957 ukafanywa msako mkali wa wawindaji wa upinde, Wakamba na Waliangulu, walioizunguka. Babu yetu alizika podo lake chini ya ghala. Hadi anafariki hakuonyesha mtu mahali penyewe.

Baada ya uhuru watu walidhani mambo yatalegea. Mnamo Mei 1977 serikali ikapiga marufuku uwindaji nchini kote, tajiri na maskini, kwa bunduki na kwa upinde. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 ikakaza kamba zaidi: hata kuwinda kwa ajili ya kitoweo cha nyumbani ni kosa linaloweza kumpeleka mtu gerezani. Anayevamiwa na wanyama anatakiwa kuarifu Shirika la Huduma za Wanyamapori, KWS. Sina ugomvi na marufuku hiyo. Bila hiyo, nashuku kwamba watoto wangu wangewajua ndovu kwa picha. Lakini sheria hiyo ilimpokonya mkulima wa Ikutha silaha yake na badala yake ikamwachia debe.

Swali nililotumwa kuuliza lilikuwa hili: je, bunduki ya upepo ni bunduki mbele ya sheria? Kaka alikuwa na hakika kwamba, kwa kuwa haina baruti, itapita kama chombo cha michezo. Nilisoma Sheria ya Silaha, Sura ya 114, kipengele kwa kipengele. Sheria hiyo haiulizi habari za baruti. Inauliza kama chombo kina mtutu, kama kinarusha risasi au kitu kingine, na kama kinaweza kuua. Kila nilipofika hapo nililikumbuka lile tikitimaji. Bunduki ya kaka ni silaha, na anayetaka kuwa nayo sharti aanzie kwa Bodi ya Kutoa Leseni za Silaha, kabla hata ya kuikatia tiketi ya ndege. Na hata akipewa cheti, bado hataruhusiwa kumpigia digidigi mmoja.

Desemba hiyo, kaka alipokuja likizo, tulikutana nyumbani kwa mama, Kibwezi. Mjomba alivuka Athi akaja na kilo kumi za pojo. Nilieleza niliyoyapata. Kaka hakuridhika.

"Mzungu aliua vifaru elfu hapa hapa Makueni akalipwa," alisema. "Mjomba akipiga nyani mmoja anayekula jasho lake, afungwe?"

Mama, ambaye ni dada mkubwa wa mjomba, alikuwa akichambua kunde. Hakuinua kichwa. "Wewe utarudi Texas. Askari wakija hawatakuuliza wewe."

Kaka alisema kwamba askari hawatakuja kwa kuwa hawatasikia. Na hapo, kwa maoni yangu, ndipo alipojifunga mwenyewe. Juu ya historia nakubaliana naye kwa kila neno. Lakini bunduki ile nimeipiga. Shamba tulilokwenda Texas lingemeza vijiji vitatu vya Ikutha, na kilima kilikuwa nyuma ya shabaha. Kwa mjomba, nyuma ya nyani kuna ua wa michongoma, na nyuma ya michongoma kuna mtoto wa jirani anayechunga mbuzi. Risasi ya uzito ule ikimkosa nyani haitulii hapo. Husafiri mamia ya mita ikitafuta pa kutua. Na nyani si mnyama wa kusubiri kwa utulivu ili apigwe mara moja na apigwe vizuri. Wanakuja arubaini, na mtungi una risasi tatu.

Liko jambo jingine ambalo sikulisema pale kwa heshima ya wakubwa. Kitui na Makueni zimejaa vijana wasio na kazi na kuna wanunuzi wa nyamapori wasiouliza maswali. Chombo kisichosikika, chenye kuua ngiri kwa umbali wa mita hamsini, hakingekaa chini ya kitanda cha mzee kwa muda mrefu kabla ya mtu kuja kukiazima.

Mjomba alikuwa amenyamaza muda wote huo. Kisha akamgeukia kaka. "Mwanangu, hiyo risasi yako ina alama?"

"Alama gani, mjomba?"

"Ya mwenyewe. Akipatikana mbuzi wa mtu amekufa, watajua ni mimi au si mimi?"

Kaka alieleza kwamba risasi hupondeka ikigonga mfupa, haibaki na sura. Mjomba akaitikia kwa kichwa, akaomba chai iongezwe sukari, na habari za bunduki zikaishia hapo. Alichokiomba baadaye, tulipokuwa tukimsindikiza stendi, ni mabati sita ya kuezekea kibanda cha kulindia, kwa sababu nyasi huvuja, na mbwa wawili wachanga wa ukoo mkali. Kaka alinunua mabati siku iyo hiyo. Mbwa nilitafuta mimi, na haikuwa kazi rahisi. Kila mwenye mbwa mkali anadai ana mpango naye.

Pia tumezungumza kuhusu mizinga ya nyuki. Huko Sagalla, Taita, wakulima wameizungusha mizinga kwenye mashamba yao, wakaiunganisha kwa waya, na ndovu akigusa waya nyuki hutoka. Ndovu huwaogopa nyuki. Mjomba ni mfugaji wa nyuki tangu zamani na wazo hilo lilimpendeza, ingawa alitukumbusha kwamba tumbili hajali nyuki wala waya. Hupita juu ya mti.

Mvua ya Novemba iliyofuata ilinyesha vizuri kiasi. Mbwa wamekua na digidigi wamepungua shambani. Wiki iliyopita mjomba alinipigia simu kunijulisha kwamba pojo zimekomaa, ila nyani wameshaijua siku yake ya kwenda sokoni.