Wageni wa treni na ufukwe wenye stara

Tangu treni ya umeme ilipoanza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro tarehe 14 Juni 2024, na kufika Dodoma tarehe 25 Julai mwaka huohuo, ndugu zetu wa bara wamekuwa karibu nasi kuliko walivyopata kuwa. Safari iliyokuwa ikimaliza mchana mzima ndani ya basi sasa huchukua takriban saa nne. Nauli ya kawaida kwa mtu mzima ilipotangazwa ilikuwa Sh 31,000 kutoka Dodoma na Sh 13,000 kutoka Morogoro. Kwa sababu hiyo, kila likizo ya shule inapokaribia, waumini huijia kamati ya msikiti wetu na swali lilelile: wageni wanakuja, wanataka kupumzika pwani siku tatu nne, tuwapeleke wapi?

Swali hilo lina uzito wa pekee kwetu sisi wa Kurasini. Tunaiona bahari kila siku bila kuigusa. Mbele yetu ni bandari, makontena na matangi ya mafuta, na maji yaliyopo ni ya meli. Mgeni akija na hamu ya kukanyaga mchanga, lazima tumtoe nje ya mtaa.

Wapo wanaoliona jambo hili kuwa la anasa. Kwao inatosha kukumbusha kisa cha Handhala (r.a.), mmoja wa waandishi wa Mtume (s.a.w.), aliyejishuku unafiki kwa kuwa moyo wake ulilegea kila alipokuwa na mkewe na watoto. Mtume hakumkemea, bali alimfahamisha kuwa kuna saa ya hili na saa ya lile. Kisa kimo katika Sahihi ya Muslim, na sioni haja ya kukirefusha.

Linalonishughulisha zaidi ni nani hasa anayepumzika. Tazama familia nyingi za Kiislamu zinapokwenda ufukweni siku ya sikukuu. Baba anaogelea na watoto wanaogelea. Mama ameketi juu ya mkeka na baibui lake, anagawa pilau, analinda viatu na simu za watu, na muziki wa baa ya jirani unampigia sikioni. Jioni anarudi nyumbani amechoka kuliko alivyoondoka, na vyombo vya kuosha vinamsubiri. Kwa maoni yangu, mahali pa mapumziko pachaguliwe kwa kumtazama yule mwenye haya zaidi katika msafara. Yeye akipata raha, wengine wote wataipata.

Kwa kipimo hicho naipendekeza Kigamboni, lakini si Kigamboni yoyote. Kutoka stesheni ya treni iliyopo katikati ya jiji zipo njia mbili: kwenda Magogoni na kuvuka kwa pantoni, au kupita kwetu Kurasini na kuvuka Daraja la Nyerere, lenye urefu wa mita 680, lililofunguliwa Aprili 2016. Wenye mizigo na wazee wapite darajani. Ukishavuka, usishawishike na hoteli ya kwanza yenye picha nzuri, kwani nyingi huishi kwa wageni wa Jumapili na kinywaji ndicho kinachoziendesha. Nenda mbele, upande wa Mjimwema, Gezaulole au hata Kimbiji, utafute nyumba nzima ya kukodi kwa siku, yenye ukuta na jiko. Familia mbili zikichangia, gharama hupungua. Kabla ya kutuma fedha, piga simu uulize: Je, ufukwe ulio mbele ya nyumba unachangiwa na baa? Je, msikiti uko umbali gani kwa miguu? Je, maji ya bomba yapo au ni ya kununua kwa madumu? Mwenye nyumba anayejibu kwa kuzungukazunguka, mwache.

Kisha chagua tarehe, na hapa nawaomba wasomaji waichukue kalenda ya Hijria, kwa sababu bahari nayo huufuata mwezi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huwa ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Katika pwani yetu, siku za bamvua maji hujaa mnamo saa kumi za alfajiri na tena saa kumi za alasiri, na hupwa mnamo saa nne asubuhi. Familia inayowasili saa nne siku hiyo hukuta matope, mawe na ngalawa zilizolala ubavu, nao hudhani wamedanganywa. Kila siku inayofuata maji huchelewa kwa dakika 40 hivi au zaidi. Kwa hiyo mwezi 3 au 4, na tena mwezi 17 au 18, maji hujaa karibu na kuchomoza kwa jua.

Hiyo ndiyo saa ya akina mama. Baada ya sala ya Alfajiri hadi mnamo saa moja, ufukwe usio wa baa huwa mtupu, na maji yapo mlangoni. Mchana maji yakishapwa watoto huokota makombe huku wakubwa wakilala, na jioni bahari inarudi. Mwezi 8 au 9 hali hugeuka, yakawa maji mafu yanayosogea kidogo tu, nayo hujaa katikati ya asubuhi, mbele ya macho ya kila mtu. Hata hivyo, waulizeni wavuvi wa mahali penyewe, maana kila ghuba ina tabia yake. Asiyejua kuogelea asivuke kiuno, na watoto wavae viatu vya plastiki kwa ajili ya mawe.

Mama mkwe wangu ni mtu wa Kondoa, amepita umri wa miaka 60, na alikuwa hajapata kuiona bahari. Alikuja kwa treni akifuatana na mwanawe wa kiume, lakini alikwisha tuma neno mapema kwamba hatakaa mahali wanapopita watu nusu uchi. Kama pwani ndivyo ilivyo, alisema, yeye ataitazama bandari kutoka barazani kwetu, kisha arudi kwake. Tulikodi nyumba upande wa Gezaulole, mwezi 17 na 18 Mfunguo Tatu. Sisi wanaume tulibaki msikitini hadi jua lilipopanda, kama ilivyo adabu kwa mkwe, kwa hiyo ninalolijua ni lile alilonisimulia mke wangu. Mama aliingia na dera na mtandio wake, akaketi kabisa ndani ya maji yakamfika kifuani, akakataa kutoka mpaka wavuvi walipoanza kusogeza ngalawa. Siku ya pili yeye ndiye aliyewaamsha wengine.

Kuhusu sala, mgeni na mwenyeji hawako sawa. Kwa madhehebu ya Imamu Shafi'i, tunayoyafuata wengi wetu, masafa ya kufupisha ni marhala mbili, ambazo hukadiriwa kuwa kilomita zaidi ya 80. Mgeni wa Dodoma ameyapita kwa mbali, basi anaweza kufupisha, isipokuwa akinuia kukaa siku nne kamili, bila kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka. Hapo atatimiza tangu anapofika. Mwenyeji wa Kurasini aliyevuka daraja si msafiri. Na mgeni akisali nyuma ya imamu mkazi, humfuata kwa kutimiza. Jambo hili huleta ubishi usio wa lazima, kwa hiyo lizungumzwe kabla ya kukimiwa.

Wageni wenye hamu ya historia kuliko maji wapelekwe Bagamoyo, kilomita zipatazo 70 kutoka jijini. Hapo kuna magofu ya Kaole, yenye misikiti miwili ya mawe, mmoja wa karne ya 13, pamoja na makaburi 22. Na Bagamoyo ndiko alikofundisha Sheikh Yahya bin Abdallah, aliyejulikana kwa jina la Sheikh Ramiya, aliyeletwa pwani kutoka Manyema akiwa mtoto mtumwa, akasoma, akawa kiongozi wa Qadiriyya hadi alipofariki mwaka 1931. Kaole hakuna kivuli kikubwa. Fikeni kabla ya saa tatu asubuhi, na chukueni maji ya kunywa.